Je, wajua kwa nini TV mbovu haivuki mpaka bila kibali?

Chukua TV mbili za chogo, za umri mmoja. Moja inawaka. Nyingine shingo ya kioo chake imepata ufa nyuma, hewa imeingia, na haitaonyesha picha tena. Kwa mbele huwezi kuzitofautisha. Lakini kisheria ya kwanza ni mtumba, bidhaa kama bidhaa nyingine, na ya pili ni taka. Hiyo ya pili haitakiwi kupakiwa melini mpaka nchi inayopelekewa ikubali kwa maandishi.

Sharti hilo limetoka kwenye Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, mkataba wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka za hatari kutoka nchi moja hadi nyingine. Mwaka mmoja kabla yake, huko Koko, Nigeria, yaligunduliwa maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia, yamerundikwa uani kwa mtu. Nchi nyingi zikaona kwamba bila kuulizwa kwanza, bandari zao zitageuzwa jalala.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mamlaka ya nchi inayotoa taka inaiandikia nchi inayopokea, pamoja na kila nchi ambayo mzigo utapitia, ikieleza ni taka gani, kiasi gani, na nani atazishughulikia. Pasipo jibu la kukubali, mzigo haung'oki. Ukitoroshwa kwa hila za msafirishaji, nchi ulikotoka inapaswa kuurudisha kwao ndani ya siku 30 tangu ipewe taarifa.

Kwa miaka mingi palikuwa na tundu: taka za elektroniki zilizohesabiwa kuwa hazina sumu zilipita bila kuomba ruhusa. Ghana na Uswisi zikapendekeza lizibwe, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba huo, uliofanyika Geneva, ukakubali mwaka 2022, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za elektroniki zinadaiwa kibali, ziwe na sumu au zisiwe nayo.

Bado kuna mlango mmoja, nao ndio unaoniuma zaidi. Taka huandikwa "vifaa vilivyotumika." Watafiti waliokaa katika bandari za Lagos mwaka 2015 na 2016 walikuta karibu tani 60,000 za vifaa vilivyotumika zikiingia kila mwaka, na sehemu kubwa ilikuwa imeshindiliwa ndani ya magari ya mitumba: friji kwenye buti, TV juu ya viti. Karibu kimoja kati ya kila vitano hakikuwa kizima.

Miongozo ya Basel inataka kila kifaa kipimwe kabla ya safari, matokeo yaandikwe, na kifungwe vizuri kisivunjike njiani. Hicho cha kufunga ni kipimo kizuri hata kwa mtu asiye fundi. Anayetuma TV nzima ya kuuza huihifadhi kwa boksi na sponji. Ukifungua kontena ukakuta zimerushwa moja juu ya nyingine kama kuni, shingo za vioo zimemeguka na nyaya zimekatwa, mwenye mzigo alijua anatupa.

Anayelipia ni kijana anayezichoma nyaya apate shaba. Ganda la plastiki likiungua hutoa dioksini, kemikali zenye sumu kali, na kioo cha TV ya chogo kina madini ya risasi yanayobaki ardhini kikivunjwa.

Wapo wanaotaka mitumba yote ya umeme ipigwe marufuku. Sikubaliani nao. Mafundi wetu wanaishi kwa vifaa hivyo, na kompyuta mbovu iliyokarabatiwa ikapata miaka mitano mingine ni taka iliyocheleweshwa. Ninachodai ni kwamba kipimo kifanyike kule kunakopakiwa, na gharama ibebwe na mpakiaji. Kontena likishashushwa bandari ya Tema, Ghana, au Dar es Salaam, ni afisa wa bandari ndiye anayebaki kuthibitisha kwamba TV mia tatu hazifai, huku msafirishaji ameshalipwa na kampuni aliyoiandika kwenye karatasi haipokei simu.