Pikapu haijafa

Jumatatu iliyopita kijana mmoja aliingia karakanani kwangu Katwe, Kampala, dabo besi, ile fidla kubwa ya kusimama, mgongoni ndani ya mfuko uliokatika zipu, jasho linamtiririka. Salamu haikufika hata nusu. "Habari mzee, pikapu imekufa, nitafutie nyingine." Alimaanisha kile kinasa sauti kinachogeuza mtikisiko wa besi kuwa umeme. Huyo alikuwa wa tatu tangu mwezi uanze. Wa kwanza alitoka Jinja, wa pili ni Mkongomani anayepiga rumba kwenye baa za Kansanga, na wote walikuja na maneno yaleyale kana kwamba wamekaririshwa darasa moja. Nikachomeka waya wake kwenye priampu yangu, kile kikuza sauti kidogo kinachotangulia amplifaya, nikamwambia, "Piga." Uzi wa E ukanguruma mpaka misumari ikacheza ndani ya kopo. Kijana akaitazama spika, akanitazama mimi, akavuta kigoda akakaa.

Koo langu limechoka kurudia, kwa hiyo leo naandika.

"Pikapu imekufa"

Haijafa. Katika besi kumi ninazoletewa na shtaka hili, sijui kama mbili zina pikapu mbovu kweli. Zilizobaki zimechomekwa mahali pasipo pake.

Pikapu nyingi za dabo besi ni za piezo, kipande kidogo kinachotoa umeme kikibanwa au kikitikiswa. Fishman Full Circle imejengwa ndani ya gurudumu la kupandishia daraja (kibao kinachoinua nyuzi), Realist inalala chini ya mguu wa daraja, Underwood inabanwa kwenye mapengo ya mbawa za daraja. Mahali ni tofauti, tabia ni moja: umeme wake ni wa kijiko. Kifaa chenye impidansi ndogo, yaani upinzani mdogo kwa umeme, kinaunywa wote kabla haujawa sauti, na kinaanza kwa kunywa noti za chini, zile ambazo ndizo zilikufanya ubebe kabati hili lote kutoka nyumbani.

Tufanye hesabu, maana kwa maneno matupu hamniamini. Chukua pikapu ya nanofaradi 1 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi). Ichomeke kwenye kifaa chenye impidansi ya megaomu 1, na kila kilicho chini ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 159 hivi kinaanza kupungua. Uzi wa E ukiwa mtupu ni hezi 41, A ni 55, D ni 73, G ni 98. Nyuzi zote nne ziko chini ya mstari! Sasa ipe megaomu 10: mstari unashuka hadi hezi 16, na besi nzima inapita bila kuguswa. Kisha njoo kwenye kile kiboksi cha DI kisicho na betri, cha kuunganisha ala na mikisa, ambacho kila fundi mitambo wa Kampala anacho ndani ya sanduku lake. Kile kina kiloomu 100 hadi 150. Mstari unapanda juu ya hezi 1,000. Kinachobaki hapo ni mikwaruzo ya vidole na sauti inayotokea puani, kama redio iliyofunikwa kwa sufuria. Zipo pikapu zenye nanofaradi nyingi zaidi, na hizo huvumilia megaomu 1 vizuri tu, lakini kiloomu 100 ni kuzinyonga.

Kinachofuata nakijua kwa moyo kwa sababu nimekaa kwenye kwanjula (sherehe za posa za Kiganda) nyingi kuliko maharusi wengine. Fundi mitambo anasikia besi nyembamba, anakamata kitufe cha besi kwenye mikisa na kukizungusha mpaka mwisho. Anakuza kitu ambacho hakijafika kwake. Kinachokuja ni mngurumo wa jukwaa, miguu ya wacheza ngoma na mluzi wa spika. Mpigaji anaona aibu mbele ya wakwe. Keshoyake anauza pikapu kwa bei ya kutupa, ananunua ya ghali zaidi, anaichomeka kwenye kiboksi kilekile. Mteja wangu mmoja alibadilisha mbili kabla ya kunifikia. Pesa zile zingemnunulia priampu nzuri na chenji ya nauli mpaka Gulu.

Kwa hiyo, kabla ya pikapu mpya, kabla ya amplifaya mpya, nunua priampu. Megaomu 10 ukipata, na iwe na kichujio cha kukata mngurumo wa chini na kitufe cha kugeuza fezi (kupindua wimbi la sauti). Iwe yako, ikae kwenye mfuko wa besi, na usikubali mtu akuambie "mitambo yetu ina kila kitu". Waya kutoka kwenye pikapu hadi priampu uwe mfupi, mita 3 zinatosha, kwa sababu waya mrefu unakula sauti na kuokota kelele njiani. Baada ya priampu nenda utakako, hata kwenye kiboksi kilekile cha DI. Hapo umeme una nguvu ya kutosha na hakuna wa kuunywa. Nasema hivi hivi kwa wapiga adungu, kinubi cha West Nile, wanaobandika piezo kwenye ngozi ya adungu ile kubwa ya besi. Chombo tofauti, ugonjwa mmoja.

Na jenereta ikivuma kwenye spika, bonyeza kitufe cha kukata athi (waya wa ardhini) kwenye kiboksi cha DI. Usikate mguu wa athi kwenye plagi ya ukutani. Nimeona plagi zilizonyofolewa hivyo na mafundi wenye vyeti. Kitufe kinakata athi ya waya wa sauti tu. Mguu wa plagi ndio uliosimama kati yako na kifo.

"Nikipata amplifaya kubwa, nitasikika"

Utasikika ukipiga mluzi. Dabo besi ni sanduku tupu lenye ngozi ya mbao, na hewa iliyo ndani yake ina noti yake inayoipenda, karibu na hezi 60. Ubao wa mbele nao una yake huko karibu na 100. Spika ikizirudisha noti hizo kwa nguvu, besi inazisikia, inazirudia, pikapu inazipeleka tena kwenye spika, na mzunguko umefunga. Wati ukiziongeza, mzunguko unafunga mapema zaidi.

Wati zenyewe pia zinadanganya. Kutoka 100 hadi 200 unapata desibeli 3, ambazo msikilizaji aliyeshika sahani ya pilau anazitambua kwa shida. Sikio lisikie mara mbili, unahitaji karibu mara kumi ya nguvu. Sasa wewe unataka kubeba mzigo huo ndani ya kamunye, basi dogo la abiria?

Anza na mahali pa kuweka spika. Usiiweke nyuma yako ikitazama mgongo wa besi. Iweke ubavuni, na uiinue kutoka kwenye jukwaa la mbao, kwa sababu jukwaa nalo ni sanduku la pili. Mimi natumia kreti tupu ya soda. Wateja hucheka mpaka wanaposikia. Kisha kata chini kwa kichujio: anza hezi 40, na kwenye ukumbi unaovuma panda hadi 60 au hata 80 bila woga. "Mzee, si nitapoteza uzi wa E?" Hutaupoteza. Noti ya E imebeba pia hezi 82 na 123 na nyingine juu yake, na sikio likizipata hizo linajaza lililokosekana lenyewe. Ukibaki na noti moja inayopiga kelele, geuza fezi. Mara nyingi inanyamaza papo hapo. Isiponyamaza, punguza noti hiyo peke yake kwenye ikwalaiza na uache zilizobaki.

Tatizo hili halikuanza na sisi. Miaka ya 1940 Marekani, Everett Hull, mpiga besi, alipachika kipaza sauti juu ya kile kigingi cha chini ambacho besi inasimamia, kikaingia ndani ya tumbo la besi, na kampuni ya Ampeg ikapata jina lake kwa kigingi hicho. Watu wanahangaika na tumbo hilo mpaka leo.

"Plaiwudi si besi, ni fanicha"

Hii naisikia kwa walimu zaidi kuliko kwa wapigaji, na inawagharimu vijana pesa. Ni kweli, besi ya kuchongwa, sprusi mbele na mepo nyuma, ina sauti ambayo plaiwudi haiifikii, hasa ukitumia upinde. Ukiwa wa okestra, achana na maneno yangu, kachongewe.

Lakini wewe ni mpigaji wa kazi. Ijumaa uko hotelini Entebbe ndani ya kiyoyozi, Jumamosi uko chini ya hema Mbale, Jumapili kanisani chini ya mabati, na katikati besi imelala nyuma ya gari lililoegeshwa juani. Machi hadi Mei mvua, Septemba hadi Novemba mvua, katikati ukavu. Muulize mpiga engalabi anavyoanika ngoma yake juani au kuipasha motoni kabla ya kupiga, kwa kuwa ngozi ya kenge inalegea kwa unyevu. Mbao nayo inakunywa na kutapika maji vilevile, ila haianikwi: inapasuka. Plaiwudi ni tabaka zilizogundishwa zikikatana nyuzi, kwa hiyo ufa hauna njia ya kupita. Tena haitikisiki kwa wepesi, kwa hiyo mluzi unachelewa. Kampuni ya Kay ya Chicago ilianza kutengeneza besi za plaiwudi mwaka 1937, na nyingi kati ya hizo zingali zinapiga kazi. Ukiwa na pesa ya katikati, tafuta chotara: ubao wa mbele umechongwa, mgongo na mbavu ni plaiwudi.

Badala ya kugonga mbao kwa kidole na kutikisa kichwa kama mnunuzi wa tikitimaji, kagua ubao wa vidole. Lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti kidogo, sugua upande wa chini ambao hauonekani. Kitambaa kikitoka cheusi, umeuziwa mbao laini iliyopakwa rangi badala ya eboni, na baada ya mwaka nyuzi zitakuwa zimeichimba mitaro. Kisha tazama shingo kwa jicho moja kutoka juu kama unavyotazama mbao dukani. Iliyopinda, mrudishie mwenyewe.

"Nataka saizi kamili, siyo ile ya watoto"

Robo tatu ndiyo saizi ya watu wazima. Urefu wa nyuzi kati ya sentimita 104 na 106, na wapigaji wengi duniani wanatumia hiyo. Saizi nzima ni kwa wachache wenye mikono mirefu na gari la kubebea. Tuendelee.

"Nikimaliza kazi nalegeza nyuzi ili besi ipumzike"

Nani aliwafundisha? Ndani ya besi kuna nguzo ya mbao kati ya ubao wa mbele na mgongo. Haina gundi, haina msumari. Imeshikwa na mgandamizo tu, na mgandamizo unatoka kwenye nyuzi nne zinazovuta kwa zaidi ya kilo 100. Ukizilegeza zote, nguzo inaanguka, daraja linaanguka, na kama daraja lina pikapu, waya unakatika. Kisha mnaniletea na kusema imeanguka yenyewe usiku. Nyuzi mpya pia badilisha mmoja mmoja. Besi haichoki, ndugu zangu.

"Imefunguka ubavuni, fundi samani ameshaiziba"

Hapa naomba nivute pumzi.

Besi inagundishwa kwa gundi ya ngozi, na gundi hiyo iliwekwa ili iachie. Mbao ikisinyaa kwa ukavu, ni afadhali ukingo ufunguke kuliko ubao upasuke katikati. Ukingo uliofunguka ni kazi ya saa chache: maji moto kidogo, gundi mpya, vibano, kesho yake unapiga. Sasa fundi samani akija na ile gundi nyeupe ya vitanda, ukingo hautafunguka tena kamwe. Mara ijayo mbao ndiyo itakayoachia, na mimi kuitoa gundi ile inanibidi nikwangue mpaka nione mbao mpya. Kuna moja nimeikwangua siku nne. Ya gundi ile ya matone inayokausha kwa sekunde sitaki hata kuizungumzia.

Ukingo ukifunguka njiani, bandika utepe wa karatasi wa wapaka rangi, usifanye zaidi ya hapo, piga kazi yako taratibu, kisha niletee.

Yule kijana wa Jumatatu alikaa mpaka saa tisa, akajaribu priampu mbili na kreti yangu. Akaondoka bila kununua kitu. Anasubiri malipo ya harusi ya Mukono. Nilimtoza shilingi 10,000, za zipu.