Ndege wa uani kwetu, na faida ya kupita njia ile ile

Kazi yangu ni kutembeza wageni wanaokuja Pemba kuangalia ndege, na watu wa huku Wete wananiuliza kila mara, tena huku wanacheka, hivi kweli mtu anatoka Ulaya huko anakuja mpaka kwetu kwa ajili ya kiumbe kinachoruka tu? Ndio anakuja, na analipa, na mara nyingi yule aliyemfata tunamkuta kwenye mpapai nyuma ya nyumba ya mtu, anadonoa papai lililoiva, mwenye nyumba yupo hapo hapo anafua wala hana habari nae. Mgeni mwenyewe ana siku tatu, akizidisha sana nne. Mie na wewe tuna mwaka mzima na uani petu hatutozwi kiingilio, kwahiyo kama kuna mtu wa kuwajua ndege hawa vizuri ni sisi.

Tuanze na wenyewe. Pemba ina ndege wanne ambao hawapo pengine popote duniani, sio Unguja, sio Tanga, hapa tu. Yupo chozi wetu, yule mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, dume lake ukimuona kivulini utasema mweusi basi, akipigwa na jua ndo anatoa zambarau na kijani mpaka mwenyewe unasema mashaallah. Yupo yule mdogo zaidi wa manjano na kijani mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, hawa wanakwenda kwa kundi na hawatulii, ukisikia vilio vyembamba vinahama kutoka mti mmoja kwenda mwengine ujue ndo wao. Yupo ninga, yaani njiwa wa kijani, na yupo bundi mdogo ambae nitamrudia mana ana kesi yake.

Ninga ndo anaenitesa kazini. Kichwa na kifua kijivu, mgongoni kijani, begani ana kibaka cha zambarau, ukisikia hivyo utadhani kumuona ni rahisi. Weee! Anakula matunda, anapanda matawi taratibu kwa miguu, anageuka kichwa chini miguu juu kulifata tunda, na akihisi mtu anaganda pale pale kwenye majani humuoni kabisa. Unasimama chini ya mkuyu na mgeni wako, nyote shingo zinauma, unasikia vipande vya matunda vinaanguka tap, tap, na ninga wenyewe wapo kumi juu yenu. Dawa yake ni kutoangalia ninga, angalia jani linalotikisika wakati hakuna upepo.

Vitabuni hawa waliingia mmoja mmoja. Chozi alipewa jina la kisayansi mwaka 1905, mwenye duara jeupe 1924, bundi 1937, na ninga 1940. Wawili wa mwisho walielezwa na Pakenham, Mwingereza aliyekuwa akitumikia serikali ya kikoloni hapa visiwani. Mie huwa nacheka nikifika hapo, wazee wetu wakimsikia bundi yule usiku kwa usiku, karafuu zinachumwa chini yake, yeye rasmi "kagunduliwa" 1937.

Sasa kwanini Pemba na sio Unguja? Jibu lipo baharini. Kati ya Unguja na bara maji sio marefu, lakini mkondo wa Pemba, unaotutenga sisi na bara, una kina cha mamia ya mita. Kama miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kali, maji mengi yakawa barafu huko kaskazini, bahari ikashuka kiasi cha mita 120, Unguja ikawa imeungana na bara na wanyama wakapita kwa miguu yao. Ndo mana Unguja ilikuwa na chui na mpaka leo ina kima punju (wale wachache wa msitu wa Ngezi hapa Pemba waliletwa na watu miaka ya 1970, wasikudanganye). Pemba haikuungana, ilibaki peke yake na bahari yake. Ndege aliyevuka akafika hapa alikuwa kafika, akazaliana na waliokuwepo tu, vizazi kwa vizazi, mpaka akawa mwengine kabisa na ndugu zake wa bara.

Na bahati yetu nyengine ni kwamba hawa hawakudai msitu mtupu. Msitu mkubwa wa Pemba ulikatwa zamani ikapandwa mikarafuu, na baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndo ikawa shamba kuu la karafuu. Ndege wetu walizoea. Ngezi ni pazuri na wageni wote nawapeleka, lakini chozi na yule wa duara jeupe wapo kwenye uzio wako na kwenye ua la mgomba, na bundi analia kwenye mikarafuu.

Sasa njia. Mie natoka baada ya swala ya Alfajiri, nashuka kuelekea bandarini, naiona Mtambwe ng'ambo na Fundo kule mbele, alafu nakata kwenye mashamba narudi nyumbani kabla ya saa mbili. Njia hiyo hiyo siku zote. Rafiki zangu wananambia si ubadilishe japo mara moja, huchoki? Sichoki, mana ndege ana mipaka na ratiba kuliko mfanyakazi wa serikali. Chozi dume ana eneo lake, ana kijiti chake anachoimbia, jirani yake akivuka hapo kunazuka ugomvi wa kufukuzana mpaka barabarani. Ukipita kila siku unajua nani yupo wapi, kwahiyo siku kijiti kikiwa kitupu unajiuliza, na siku jike anapita na utando wa buibui mdomoni unajua ujenzi umeanza, mana kile kifuko chao kinachoning'inia kinashikiliwa na utando huo. Mgeni wa siku tatu hilo hawezi kuliona hata awe na darubini ya mamilioni.

Kwa mfano kuna mnazi mmoja njiani kwangu umekatika kichwa, limebaki gogo refu limesimama. Watu wanauona kuni. Kwa kozi mdogo wa kijivu mwenye manjano kuzunguka jicho hiyo ni nyumba, huku Pemba anapenda sana kutagia kwenye tundu la juu la mnazi uliokufa. Kama gogo halitishii paa wala watoto, liacheni jamani, kuni zipo nyingi.

Ugomvi wa chozi una sehemu ya kuchekesha. Kuna kaka mmoja mtaani kwetu alinisimamisha analalamika kioo cha vespa yake kila asubuhi kina michoro na uchafu, anasema kuna ndege kachanganyikiwa. Hajachanganyikiwa, anamuona dume mwengine ndani ya kioo kaingia eneo lake, na huyo dume hakimbii, kila akipigwa anarudisha. Atapigana hivyo wiki nzima. Kivishe kioo soksi mpaka msimu wa kutaga upite, basi, kesi imekwisha.

Wanaotaka kuanza huwa wanauliza darubini kwanza. Mie nasema masikio kwanza. Asubuhi mapema upepo haujaamka na pikipiki bado chache, sauti inafika mbali, na ndege wanaimba kwa nguvu kabla jua halijakaza. Simama sehemu moja dakika kumi, usitembee, usiongee. Chagua sauti tano tu za uani kwako, sema tetere, kunguru, kwezi, chozi na wale wa duara jeupe, na usiende ya sita mpaka hizo uzijue ukiwa jikoni unakuna nazi. Rekodi kwa simu usikilize tena usiku. Ukishazizoea, sauti ngeni ikipita unashtuka mwenyewe bila kutafuta. Darubini ukija kupata, ile iliyoandikwa 8x42 inatosha sana, 8 ni mara inavyokuza na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, kioo kikiwa kipana kinaingiza mwanga mwingi na asubuhi unauhitaji huo mwanga. Zile za 20x achaneni nazo, mkono ukitikisika kidogo tu unaona mawingu.

Haya, bundi. Huyu wa kwetu ni mdogo, anaingia kwenye kiganja, wengine wa rangi ya kutu wengine wa hudhurungi. Sauti yake ni "hu" moja fupi, ananyamaza, unadhani kaondoka, "hu" tena. Najua tunavyomuogopa, mie mwenyewe nimelelewa hivyo hivyo. Jirani yangu mzee, kila akiniona na tochi usiku lazima aniite.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Huyo unaemfata akilia juu ya paa mtu hufa."

"Babu, huyu analia hapa kila usiku na sote tupo."

"Ndo hivyo, anahesabu."

Sikuwa na jibu la hapo wallahi. Lakini chakula chake hasa ni wadudu, panzi na nondo na wenzao. Anakaa karibu na nyumba mana taa zetu zinaita wadudu, na anaepiga mawe bundi anamfukuza mla wadudu wa bure. Tena idadi yake sio kubwa, kisiwa chenyewe ni kama kilomita za mraba 1,000 tu na kwengine hayupo.

Msimu wa kaskazi ukiingia mie nageuza, natembea pwani maji yakiwa yamekupwa. Sululu na vitwitwi wanakuwa wamefika kutoka kaskazini ya dunia, na wapo wale weupe na weusi wenye miguu mirefu na mdomo mzito mweusi wanaokula kaa. Huyo mla kaa anazalia huko pwani za Arabuni, anachimba shimo mchangani kama mnyama, anataga yai moja, na mtoto hata akishavuka bahari na kufika huku bado anawaganda wazee wake kuomba kulishwa. Ukae ufukweni utamuona, mtoto mzima ana umbo la mama yake, anamfata nyuma kichwa kainamisha analia, na mama anampa kaa! Nawajua watu wa aina hiyo mtaani ila siwataji.

Kuna jambo siwezi kuliacha, manati na matundu ya kufugia ndege. Watoto wa skuli wakiwa likizo kazi ni manati, na wakubwa tunawaangalia tu. Mtoto ukimkataza bila kumpa kitu unapoteza muda, mpe daftari umwambie akuandikie ndege aliowaona toka nyumbani mpaka chuoni, siku ya tatu atakuwa anabishana na wewe. Na matundu, mtazameni zuwarde. Asili yake ni Java na Bali, aliletwa visiwani kwetu karne ya 19 kwa sababu ni mzuri na watu wanapenda kumfuga, akazaliana mpaka tukamuona wetu. Huko kwao kwenyewe sasa yumo katika hatari ya kutoweka, alitegwa mno kwa ajili ya matundu hayo hayo. Chozi ndo kabisa, anaishi kwa maji ya maua na vidudu vidogo, ukimfungia huwezi kumlisha, atakufa.

Na kunguru? Wale wenye shingo ya kijivu waliojaa Mji Mkongwe waliletwa kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka. Taka wamezila, na mayai na makinda ya ndege wengine wamekula pia. Wanafata jaa, kwahiyo mabaki ya samaki yafukieni, msiyatupe nyuma ya uzio alafu mseme siku hizi hatusikii ndege wakiimba.

Wanaotaka kuvuta ndege uani nawashauri maji kabla ya mchele. Mchele utawaleta njiwa na kuku wa jirani. Maji yanawaleta wote, hasa kiangazi. Chukua sahani pana au kifuniko cha zamani cha sufuria, maji yasizidi vidole viwili, weka jiwe katikati wapate pa kusimama, na uiweke juu ya gogo kwenye kivuli, karibu na kichaka lakini sio ndani yake mana paka anajificha humo. Maji yamwage kila baada ya siku mbili ukiisugua sahani, usipofanya hivyo unafuga mbu, na mbu anahitaji kama wiki moja tu toka yai mpaka kuruka. Wa kwanza kuja huwa ni wale wa duara jeupe, wanaoga wote kwa pamoja wanarusha maji kila upande. Paka wa jirani nae atakuja, huyo ongea na jirani.