Paka wa Mitaani na Afya ya Anayewahudumia: Maswali na Majibu

Kuna paka aliyewahi kufugwa, kisha akapotea au akatupwa. Huyo bado anamjua binadamu, na ukimpa muda atakusogelea. Kuna na paka aliyezaliwa nje akakulia nje, hajawahi kushikwa na mtu. Huyo akibanwa kwenye kona atang'ata, tena kwa nguvu zake zote. Majibu haya yanamhusu zaidi huyu wa pili, kwa sababu ndiye anayewafikisha hospitalini watu wanaojitolea kuwalisha paka wa mitaani na kuwakamata ili wafungwe kizazi.

Nimeamua kujitolea. Nianze na chakula au na mtego?

Anza na mwili wako. Kabla hujamgusa paka yeyote, nenda kituo cha afya ukaulizie chanjo mbili. Ya kwanza ni ya pepopunda, kama imepita miaka 10 tangu uchanjwe mara ya mwisho. Ya pili ni ya kichaa cha mbwa, ile ya kujikinga mapema. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi mbili, ya pili siku 7 baada ya ya kwanza. Aliyechanjwa hivyo akija kung'atwa bado lazima achanjwe tena, lakini dozi ni chache, na hahitaji sindano ya kingamwili, ambayo katika sehemu nyingi kuipata ni shida.

Chakula na mtego viende pamoja. Kulisha bila kufunga kizazi ni kuongeza paka tu: jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi 4 au 5, huibeba kwa siku 63 hadi 65 hivi, na huweza kushika nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha. Wakiwa wengi wanapigana zaidi, wanaambukizana zaidi, na wewe unang'atwa zaidi.

Nitamkamataje paka asiyekubali kushikwa?

Kwa mtego wa sanduku la waya. Usitumie mikono, gunia wala kamba, hata kama anakula miguuni pako kila siku. Paka anayekula karibu nawe hajakubali kushikwa, na wengi wanaong'atwa vibaya ni wale waliodhani amekubali.

Panga kwanza siku ya upasuaji na daktari wa mifugo, ndipo utege. Kwa wiki moja au mbili kabla, walishe saa ile ile, mahali pale pale, mtego ukiwa hapo na mlango umeachwa wazi, umezuiwa kwa waya usianguke, ili wauzoee. Siku moja kabla ya kutega, paka wakubwa wasipewe chakula, ila maji wawe nayo. Njaa ndiyo itakayomwingiza, na tumbo tupu linapunguza hatari ya kutapika akiwa kwenye nusukaputi. Watoto wa paka wasishindishwe njaa hivyo, kwa kuwa sukari ya damu yao hushuka upesi. Kwa hao mfuate daktari atakavyoelekeza.

Mtego ukae mahali tambarare. Ukiyumba paka anapoweka mguu wa kwanza, atatoka na hatarudi siku hiyo. Tandika gazeti juu ya waya. Chambo kiwe na harufu kali, samaki wa kopo kwa mfano, na kikae nyuma kabisa ya kibati cha kukanyagia, kile kinachoangusha mlango. Ukikiweka mbele ya kibati, anakula na kuondoka zake. Mlangoni dondosha matone machache tu ya mchuzi.

Mlango ukianguka, funika mtego mzima kwa shuka papo hapo. Paka asiyefunikwa hugonga pua na kucha kwenye waya mpaka atoke damu. Akiwa gizani hutulia ndani ya dakika chache. Beba kwa mpini wa juu, mkono ukiwa mbali na mwili, wala usishikilie kitako cha mtego kwa vidole, maana kucha zinapita kwenye matundu. Usifungue mlango umpe maji au umbembeleze. Daktari atamdunga sindano ya usingizi kupitia waya. Mtego uliotegwa nao hauachwi bila mtu: jua peke yake linatosha kumuua aliyenaswa.

Mchunguze jike kabla ya safari. Chuchu zikiwa zimevimba na manyoya yaliyozizunguka yamepungua, ananyonyesha. Mwambie daktari, afanyiwe mapema na arudishwe upesi kadiri inavyowezekana, kwani watoto wanamngoja mahali usipopajua.

Baada ya upasuaji nimwachie lini, na wapi?

Akishaamka kabisa: dume baada ya saa 12 hadi 24, jike saa 24 hadi 48. Akae ndani ya mtego uliofunikwa, mahali pasipo baridi. Kidonda kikitoa damu isiyokoma, au akiwa bado analegea siku ya pili, arudi kwa daktari. Mwachie palepale ulipomnasa. Akihamishiwa mtaa mwingine hupotea akijaribu kurudi, au hushambuliwa na paka atakaowakuta huko.

Akiwa kwenye nusukaputi achanjwe pia kichaa cha mbwa na akatwe ncha ya sikio, kwa kawaida la kushoto, sentimita 1 hivi. Hiyo ndiyo alama inayoonekana kwa mbali kwamba huyu ameshafungwa kizazi, asinaswe na kuteswa mara ya pili.

Nimeng'atwa, lakini ni kitundu kidogo tu. Kuna haja ya hospitali?

Ipo, na iwe leo. Jino la paka ni jembamba na lenye ncha kama sindano. Nje linaacha kitundu kidogo, lakini ndani limeshafika kwenye kano au kiungo cha kidole. Ngozi hujifunga haraka juu yake na kuwafungia ndani bakteria, hasa Pasteurella multocida, ambao paka wengi wazima wanao mdomoni. Kidonda cha mbwa kinatisha kwa macho, watu wanakimbilia hospitali. Cha paka kinadanganya, watu wanalala nacho.

Fungua bomba na uangalie saa: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Dakika 2 hazitoshi. Kisha kipake dawa ya iodini. Usikifyonze kwa mdomo, usikipake majivu, mafuta wala dawa ya meno, na usikifunge kikakosa hewa. Vua pete mapema, kwa sababu kidole kikishavimba haitatoka.

Hospitalini kidonda cha namna hii mara nyingi hakishonwi. Kikiwa mkononi, usoni au karibu na kiungo, daktari kwa kawaida huanzisha antibayotiki hata kabla dalili hazijatokea, aghalabu amoksisilini iliyochanganywa na klavulaneti. Kama una mzio wa penisilini, sema mapema. Taja pia mwaka uliochanjwa pepopunda: kwa kidonda cha aina hii dozi nyingine hutolewa kama zaidi ya miaka 5 imepita.

Maambukizi yakitokea hujionyesha upesi, mara nyingi ndani ya saa 24: wekundu, uvimbe, maumivu yanayopwita. Ukiona mstari mwekundu unapanda mkono, kidole hakikunjiki, au homa imeanza, usingoje kuche.

Na kichaa cha mbwa je? Paka naye anacho?

Anaweza kukipata kwa kung'atwa na mbwa au mnyama wa porini, na akikipata anakiambukiza. Mtilie shaka paka aliyebadilika ghafla: mkali bila sababu, au yule wa mwituni aliyekuwa mwoga leo anajileta kwa watu, anadondosha udenda, miguu ya nyuma imelegea, sauti imebadilika. Huyo usimtege. Watoe watoto na wanyama karibu, kisha uite daktari wa mifugo.

Paka mzima wa afya anayeweza kufungiwa salama huangaliwa kwa siku 10. Kama virusi vilikuwa kwenye mate yake siku aliyokung'ata, ndani ya siku hizo ataugua au atakufa. Lakini mahali ambapo ugonjwa huu upo, chanjo haisubiri siku 10 ziishe. Unaanza leo, na daktari anaweza kuisimamisha paka akionekana mzima siku ya 10. Paka wa mitaani aliyekung'ata akatoweka ahesabiwe mgonjwa. Mkwaruzo uliotoa damu, na mate yaliyoingia jichoni au kwenye kidonda, navyo vinahesabika.

Hata kama zimepita wiki kadhaa bila kwenda, nenda. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla hazijaanza, chanjo inaokoa.

Amenikwaruza tu, na sasa nina mtoki kwapani.

Huenda ni ugonjwa wa mkwaruzo wa paka, unaoletwa na bakteria Bartonella henselae. Kinyesi cha kiroboto kinanasa chini ya kucha za paka, na kucha zinakipenyeza kwenye ngozi yako. Kipele hutokea pale palipokwaruzwa baada ya siku 3 hadi 10, kisha tezi iliyo karibu huvimba baada ya wiki 1 hadi 3, pengine na homa na uchovu. Watoto wa paka ndio huambukiza zaidi.

Kwa mtu mwenye kinga nzuri uvimbe huisha wenyewe, ingawa unaweza kuchukua miezi. La maana ni kumtajia daktari neno "paka", la sivyo anaweza kuhangaika kwanza na kifua kikuu cha tezi. Mwenye VVU asiyetumia dawa, anayetibiwa saratani au aliyepandikizwa kiungo asikae nayo nyumbani, kwani kwake inaweza kufika kwenye ini na damu. Watu hawa kazi ya mtego wawaachie wengine.

Nina mimba. Niache kabisa?

Acha kukamata paka na kusafisha vinyesi, lakini simu, kumbukumbu na miadi ya daktari unaziweza. Hofu ni toksoplazma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Paka hutoa mayai ya kimelea hiki kwenye kinyesi, kwa kawaida kwa wiki 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa mara ya kwanza maishani. Mayai hayo hayaambukizi yakiwa mabichi. Huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili ili yakomae, ndiyo maana sanduku la choo lisafishwe kila siku. Kama hakuna mwingine wa kulisafisha, vaa glavu na unawe kwa sabuni. Kumpapasa paka si njia kuu. Wengi huambukizwa na nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani, kwa hiyo jikoni nako kunahitaji uangalifu ule ule.

Nisafisheje mtego kati ya paka mmoja na mwingine?

Ondoa kinyesi na mkojo, osha kwa sabuni, suuza. Hatua hii haina mkato, kwa sababu uchafu unaipunguzia klorini nguvu, na klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa inayochoma mapafu. Kisha loweka kwa klorini ya kufulia, mililita 30 kwa lita 1 ya maji, kwa dakika 10. Suuza, anika. Hapo umeua virusi vya panleukopenia, vinavyoweza kukaa mahali kwa mwaka mzima na kuua watoto wa paka. Hivyo havimpati binadamu, wala virusi vya ukimwi wa paka.

Kinachokupata wewe ni choa: duara jekundu lenye magamba, linalowasha. Fua nguo za kazi peke yake. Paka mwenye vidonda visivyopona usoni na puani ashikwe kwa glavu tu. Nchini Brazil, kuanzia Rio de Janeiro, kuvu wa Sporothrix amewaambukiza watu wengi kupitia paka wa aina hiyo.

Naweza kumpa dawa zangu za nyumbani?

Hapana. Parasetamoli inaua paka hata kwa kiasi kidogo, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja na damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini humletea mtetemeko na degedege. Akishapakwa, mwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, umpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo.

Niwalishe kiasi gani?

Paka wa kilo 4 anatosheka na gramu 60 hivi za chakula kikavu kwa siku, na maji safi wakati wote. Lisha mchana, saa ile ile, uondoe mabaki baada ya dakika 30. Mabaki ya usiku huita panya na wanyama wa porini, na kichaa cha mbwa huja kwa njia hiyo.

Nimekuta watoto wa paka peke yao. Niwachukue?

Wakiwa wakavu, wanene na wamelala kimya, mama yuko mbali kidogo akitafuta chakula, na anangoja wewe uondoke. Rudi nyuma uangalie kwa saa kadhaa. Wakiwa baridi, wachafu na wanalia bila kukoma, wanahitaji msaada.

Joto linatangulia maziwa, kwa kuwa mtoto aliyepoa hawezi kumeng'enya chochote. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo inafaa, kukiwa na nafasi ya kusogea mbali nayo. Akishapata joto, mpe maziwa maalumu ya watoto wa paka. Ya ng'ombe yanawaharisha. Anyonye akiwa amelala kifudifudi, kichwa juu kidogo. Ukimlaza chali, maziwa yanaingia mapafuni. Wasiotimiza wiki mbili hula kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku na mchana, na kila baada ya kula wasuguliwe taratibu sehemu za haja kwa pamba yenye maji vuguvugu, kwa sababu hawajaweza kukojoa wenyewe.