Ampu na spika kuendana: maana yake, na kwa nini twita ndiyo huumia kwanza

Tunaposema ampu (kikuza sauti) na spika zinaendana, tunamaanisha ampu inaweza kuisukuma spika hiyo kwa sauti unayoitaka bila kuelemewa. Ikielemewa, kinachoharibika mapema ni sauti nyembamba, zile zinazotolewa na twita, spika ndogo iliyo ndani ya kasha: mchakacho wa kayamba, ukucha kwenye uzi wa gitaa la solo, "s" ya mwimbaji.

Wateja wengi huuliza wati tu. Mimi ningeanza na omu, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme. Spika za nyumbani huwa za omu 8, 6 au 4, na omu zikipungua ampu inadaiwa umeme mwingi zaidi. Ukifunga spika mbili za omu 8 pamoja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ampu inaona omu 4. Kama nyuma ya ampu imeandikwa isishuke chini ya omu 8, itachemka.

Namba ya pili ni wepesi wa spika, yaani desibeli inazotoa kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Hii ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa. Kila desibeli 3 zinadai nguvu maradufu. Kwa hiyo spika ya desibeli 84 inataka wati 4 ili ifikie sauti ambayo ya desibeli 90 inaitoa kwa wati 1.

Nililijua hilo kwa hasara. Nilinunua spika za mtumba pale Kiboriloni, Moshi, nzito na nzuri, nikazifunga kwenye ampu ndogo niliyokuwa nayo. Zilikuwa nzito kusukuma, nikawa nazungusha sauti mpaka karibu na mwisho. Kayamba likaanza kusikika kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Siku chache baadaye twita moja ikanyamaza. Fundi aliifungua, akagusisha mita kwenye miguu yake miwili, sindano haikutikisika. Akanionyesha waya wa koili, mwembamba kama unywele, umekatika.

Nilikuwa naamini ampu ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa. Inaweza kabisa. Ampu ikifika mwisho wa uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa vikawa bapa, na mkato huo huzaa sauti nyembamba za masafa ya juu ambazo hazikuwemo kwenye wimbo. Krosova, sakiti inayogawa sauti kati ya twita na spika ya besi, huzipeleka zote kwa twita, ambayo koili yake haihimili joto kama ya spika ya besi.

Nilibadilisha twita, nikatafuta ampu yenye nguvu zaidi, nami siizungushi hata nusu. Kayamba limerudi, punje kwa punje.

Bado kulikuwa na jambo la mahali. Sauti nyembamba hutoka kwenye twita kwa kunyooka, haitawanyiki kama besi, na spika zangu zilikaa juu ya kabati. Nilipozishusha usawa wa masikio ya mtu aliyekaa kwenye kochi, nikasikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti.