Swali la nyongeza: pale jibu la Serikali kuhusu zahanati linapobanwa

Asubuhi ya kikao cha Bunge huko Dodoma, baada ya dua na hati kuwekwa mezani, huja kipindi cha maswali. Anayesikiliza redio akiwa Kaliua au Uvinza keshayazoea maneno yake: "Je, ni lini Serikali itajenga kituo cha afya katika kata ya fulani?" Naibu Waziri anasimama, anasoma, anakaa. Hilo lililojibiwa ndilo swali la msingi. Mbunge husimama tena, anashukuru kwa "majibu mazuri ya Serikali" hata kama hayakumridhisha hata kidogo, kisha anasema ana maswali mawili ya nyongeza. Hapo ndipo pa kutega sikio.

Haki yenyewe iko kwenye Katiba ya 1977, Ibara ya 63(3)(a): Bunge laweza kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maneno ya kushika ni hayo ya mwisho, "katika wajibu wake". Kwenye afya wajibu umegawanyika, na swali lililopelekwa mlango usio wake hurudi na jibu la juu juu. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri husimamiwa na TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kupitia wakurugenzi wa halmashauri. Hospitali za rufaa za mikoa, yaani Maweni kwa Kigoma na Kitete kwa Tabora, zilihamishiwa Wizara ya Afya, ambayo pia hushika sera, miongozo na Bohari ya Dawa, taasisi inayonunua na kusambaza dawa kwa vituo vya umma. Ajira mpya za wauguzi na waganga zinahitaji kibali cha Utumishi, ofisi inayosimamia watumishi wa umma. Kwa hiyo "kwa nini zahanati yetu haina mganga" ni swali la ofisi mbili, ingawa mwananchi analiona moja.

Swali la msingi huandikwa na kuwasilishwa mapema Ofisi ya Bunge. Huko hupimwa kwa Kanuni za Bunge: lisiwe hotuba, lisiombe maoni, lisiguse shauri lililo mahakamani. Likipita linapewa namba na kupelekwa wizarani. Wizara nayo huomba taarifa mkoani, mkoa huomba halmashauri, na mwisho wa safari karatasi inatua mezani kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, ambaye ndiye hasa anayejua kama bati zimepigwa au bado. Anachoandika hupanda ngazi zile zile kurudi juu, kikinyooshwa lugha kila kinapopita. Ndiyo maana majibu hufanana, na ndiyo maana jibu likikosea hali halisi ya kijiji, kosa mara nyingi lilianzia chini.

Tuchukue mfano wa kubuni: kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa kusini mwa Kigoma, ambako mjamzito mwenye uchungu hubebwa kwa boti. Wanakijiji wamechanga, wamefyatua tofali, boma, yaani jengo lisilokamilika, limefika hatua ya renta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) na limekaa hivyo misimu minne ya mvua. Mbunge anauliza ni lini litakamilishwa. Jibu la kawaida hushuka hivi: Serikali inatambua na kuthamini nguvu za wananchi, na itaendelea kutenga fedha za kukamilisha maboma ya zahanati nchini, likiwemo hilo, kadri ya upatikanaji wa fedha.

Jibu hilo si uongo. Ila halina tarehe, halina kiasi, halina mtu. Nyongeza dhaifu hurudia ombi kwa sauti ya juu zaidi: wananchi wanateseka, Serikali iwaonee huruma. Naibu Waziri atajibu kwamba ombi limepokelewa. Nyongeza nzuri hubana sehemu iliyolegea: "Je, boma hili limo katika bajeti ya halmashauri ya mwaka huu wa fedha, na kwa kiasi gani?" Hapo jibu ni ndiyo au hapana. La pili liwe la ndani ya jengo: kwa maboma ya zahanati kiasi kinachotajwa mara nyingi ni shilingi milioni 50, je, fedha hiyo inagusa kichomea taka, shimo la kondo la nyuma na nyumba ya mtumishi? Vitu hivi vitatu ndivyo husahaulika. Zahanati isiyo na nyumba ya mtumishi, kwenye kijiji cha mbali, hupangiwa muuguzi anayeripoti, anakaa miezi michache, kisha anaomba uhamisho.

Nyongeza lazima ichipuke kwenye swali la msingi. Ukiuliza zahanati kisha ukarukia barabara, Spika atakukatisha au Waziri atasema hilo ni swali jipya. Wabunge wengine nao huruhusiwa kuuliza nyongeza, mara nyingi kuhusu majimbo yao wenyewe, na hapo ndipo boma la mwambao linapopotea katikati ya maboma ya nchi nzima.

Kwenye dawa mtego ni mwingine: asilimia. Wizara ikitaja kiwango cha upatikanaji wa dawa muhimu inatoa wastani. Kituo chaweza kujaa panadol na kukosa oksitosini, dawa ya kuzuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na bado wastani ukapendeza. Tena oksitosini hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo kukosekana kwake kwaweza kuwa tatizo la friji na umeme, dawa yenyewe ikiwa imejaa bohari ya kanda pale Tabora. Mbunge aulize dawa kwa jina, na kituo kwa jina. Aulize pia: Bohari ilipojibu kwamba dawa haipo, kituo kilichukua muda gani kuinunua kwa mshitiri, muuzaji binafsi aliyeidhinishwa kuuzia vituo dawa zinazokosekana Bohari? Kwenye pengo hilo ndipo mgonjwa huambiwa akanunue duka la nje.

Swali halipigiwi kura. Jibu halitoi fedha, wala halimwajibishi mtu siku hiyo. Linachofanya ni kuiweka kauli ya Serikali kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, ikiwa na tarehe, namba ya swali na jina la aliyejibu. Atakaye meno zaidi angoje Bunge la bajeti, kati ya Aprili na Juni, ambapo mbunge anaweza kushika shilingi: hutishia kuondoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri mpaka apewe maelezo. Mara nyingi shilingi hurudishwa siku ile ile, lakini Waziri husimama mwenyewe kueleza. Siku za Alhamisi kuna pia maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ila hayo ni ya sera. Boma la kijiji kimoja halina nafasi humo.

Anayetaka mbunge wake aulize vizuri ampe karatasi moja. Iwe na jina la kijiji na kata, hatua ya jengo (msingi, renta, kupauliwa, lipu), kiasi kilichochangwa na wananchi, umbali wa kituo cha karibu kwa kilomita au kwa saa za boti, na idadi ya watumishi waliopo. Malalamiko ya "hali ni mbaya sana" hayasaidii, maana Naibu Waziri hawezi kuyakanusha wala kuyathibitisha.

Nakala ya pili apewe diwani. Kwenye maeneo ya tumbaku kama Urambo, Sikonge na Kaliua, ambako ushuru wa mazao huingiza fedha halmashauri, boma linalodai mabati tu laweza kumalizwa kwa mapato ya ndani baada ya swali kwenye Baraza la Madiwani, kabla namba ya swali la Dodoma haijafikiwa.