Vidoti vyeusi vya usoni na vinyama vya shingoni: maswali kabla ya kuvitoa

Nina vidoti vyeusi mashavuni, vimeinuka kidogo kama punje za ufuta. Mama yangu anavyo pia. Je, ni ugonjwa?

Hapana. Kitaalamu huitwa dermatosisi papulosa nigra. Ni seli za tabaka la juu kabisa la ngozi zilizorundikana pamoja na rangi yake. Huanza ujanani, huongezeka umri unavyosogea, na wanawake wenye ngozi nyeusi ndio huvipata zaidi. Vingi vina upana wa milimita 1 hadi 5. Haviambukizi na havigeuki saratani. Kama mama anavyo, huenda umevirithi kwake; hakuna sabuni iliyovileta wala krimu itakayovifuta.

Na vinyama laini vinavyoning'inia shingoni na kwapani?

Hivyo ni vingine, vina kikonyo chembamba, na hutokea pale ngozi inaposuguana: shingoni, kwapani, chini ya matiti, kwenye kinena. Ujauzito na unene huviongeza. Vikiwa vingi, na shingo nayo imekuwa nyeusi na nene kama mahameli, pima sukari kwanza. Kiwango cha 7.0 mmol/l au zaidi kabla ya kula asubuhi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, ni kisukari, na hicho ndicho cha kushughulikia mapema kuliko shingo.

Nitajuaje kama changu si cha kutolewa kwa ajili ya urembo tu?

Usikubali kichomwe kabla mtu anayejua ngozi hajakitazama kwenye mwanga mzuri. Kikishachomwa kimekuwa majivu, na maabara haiwezi kupima majivu. Cha kutiliwa shaka ni kile kisichofanana na wenzake, chenye kingo za kuparaganyika au rangi zaidi ya moja, kinachokua haraka, kinachotoa damu, au kidonda kisichopona kwa wiki 4. Watu weusi huangalia uso na kusahau miguu, ilhali saratani ya seli za rangi kwetu hujitokeza zaidi kwenye unyayo, kiganja na chini ya kucha. Mstari mweusi mpya unaopanuka kwenye ukucha mmoja usifunikwe kwa rangi ya kucha, upelekwe hospitali. Kwa mwenye ualbino, kila kidonda au uvimbe mpya wa ngozi upimwe.

Kitu chenye shaka hukatwa, si kuchomwa, kisha huwekwa kwenye formalini ya asilimia 10 (dawa ya maji inayokihifadhi kisioze), angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama chenyewe, na kupelekwa maabara.

Tazama pia kama ni vipele vinavyong'aa vyenye kishimo katikati. Hivyo ni vya virusi na huambukiza. Vikimjaa mtu mzima usoni, apime VVU.

Kuchoma kwa umeme hufanyikaje?

Hapa ndipo ngozi nyingi huharibiwa, kwa hiyo ijue kazi yenyewe. Krimu ya ganzi hupakwa nene na kufunikwa kwa dakika 45 hadi 60, kisha hufutwa. Ngozi husafishwa. Ikisafishwa kwa spiriti, lazima ikauke kabisa, maana cheche ya mashine huwasha spiriti iliyobaki. Ncha ya sindano iwe mpya au iliyotakaswa kwa mvuke, kwa sababu inagusa damu, na homa ya ini husafiri kwa njia hiyo. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo aseme mapema.

Mashine huwekwa nguvu ya chini kabisa. Ncha inagusa kidoti kwa mpigo mfupi, kinageuka kijivu na kutoa povu dogo. Hapo mkono uondoke. Mhudumu mwenye haraka huendelea hadi kidoti kitoke chote na damu ionekane, akidhani amefanya kazi safi. Kidoti hakina mzizi. Kimekaa juu juu. Moto ukishapita tabaka hilo, unachoma ngozi nzima iliyo chini, na kinachobaki ni shimo, kovu au doa. Kidoti kilichoachwa kijivu kitadondoka chenyewe.

Omba vianze viwili au vitatu tu, karibu na sikio au chini ya taya, kisha subiri wiki 6 hadi 8 uone ngozi yako inavyopona. Anayekataa kujaribu na kutaka kuvimaliza vyote siku hiyohiyo, mwache.

Vinyama vyenye kikonyo ni rahisi zaidi: sindano ndogo ya ganzi, kibanio, mkasi mkali kwenye shina, na kubana kwa shashi dakika chache.

Kwa nini waliogandishiwa vidoti kwa baridi kali hubaki na madoa meupe?

Naitrojeni ya kimiminika, inayotumika kugandisha, ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Seli zinazotengeneza rangi hufa kwenye nyuzi 4 au 5 tu chini ya sifuri. Seli za kawaida za ngozi huvumilia baridi kali zaidi. Kwa hiyo rangi hutangulia kufa. Kwenye ngozi nyeusi ya uso, njia hii tunaiepuka.

Uzi, kitunguu saumu, maji ya betri?

Uzi hukata damu ya kinyama chembamba, lakini kinyama huoza polepole na kualika usaha. Kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki: hayachagui kidoti na shavu, na jichoni hupofusha.

Nina kovu la kukua tangu nitobolewe sikio.

Basi liseme kabla ya chochote. Kovu linalovuka mipaka ya jeraha ni keloidi, na hupenda sikio, taya, kifua na mabega. Kwako, kuacha vidoti kama vilivyo kunaweza kuwa uamuzi bora.

Baada ya kuchomwa nifanye nini?

Osha kwa maji na sabuni laini, paka vaselini mara 2 kwa siku. Usibandue vigaga, vya usoni huanguka ndani ya siku 7 hadi 10, vya shingoni huchelewa. Acha kusugua uso na weka kando krimu za kuchubua. Vaa kofia, paka kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi. Doa jeusi likibaki, hufifia kwa miezi kadhaa. Wekundu unaoenea, usaha au homa ni dalili za maambukizi. Rudi siku hiyohiyo.

Vitarudi?

Kilichotoka vizuri kwa kawaida hakirudi, ila vipya vitaota pembeni kwa sababu asili yake iko kwenye damu ya ukoo. Panga gharama ukijua kwamba baada ya miaka michache unaweza kurudi tena kitandani kwa vingine.