Matembezi ya kwanta: ni nini, na yanalindaje siri?

Mtu asimame stesheni ya Kaliua akirusha sarafu: ikianguka upande huu anapiga hatua moja kuelekea Urambo, upande ule hatua moja kuelekea Usinge. Baada ya hatua 100, kwa kawaida utamkuta kama hatua 10 tu kutoka alipoanzia.

Fotoni, yaani chembe ya mwanga, haitembei hivyo. "Sarafu" yake hubaki pande zote mbili kwa pamoja, nayo hupita njia zote kama wimbi. Njia nyingine hufutana, nyingine huongezana nguvu. Hatua zikifika 100, mahali inapoelekea zaidi kukutwa ni karibu hatua 70 kutoka mwanzo. Hayo ndiyo matembezi ya kwanta, wazo lililochapishwa mwaka 1993 na wanafizikia Aharonov, Davidovich na Zagury.

Wengi hudhani fotoni hutembea hivyo njia nzima hadi kwa mpokeaji. Sivyo. Hutembezwa ndani ya kifaa cha mtumaji, kwenye duara la nafasi chache, ndipo itumwe.

Tuseme ofisi ya Kigoma na ya Tabora zinatafuta ufunguo wa siri, yaani namba za kufungia na kufungulia ujumbe wao. Kigoma anaiweka fotoni kwenye nafasi fulani, na nafasi hiyo ndiyo namba ya siri. Halafu anabahatisha: aitume ilivyo, au aitembeze kwanza. Tabora naye anabahatisha: aipime ilivyofika, au airudishe kinyumenyume ndipo aipime. Baadaye wanaambiana walichochagua, bila kutaja namba, hata kwa simu inayosikilizwa, mradi kila mmoja ana hakika anaongea na mwenzake. Pale ambapo hawakulingana, wanatupa.

Mdukuzi wa katikati hajui ipi imetembezwa. Akikosea kupima, anaivuruga. Kuinakili fotoni ya hali asiyoijua hawezi. Hilo lilithibitishwa mwaka 1982. Wawili hao wakilinganisha sehemu ya namba zao na makosa yakazidi, ufunguo wote unaachwa.

Mbinu hii inafuata nyayo za wanasayansi Bennett na Brassard, waliotoa mbinu ya kugawana ufunguo kwa fotoni mwaka 1984, ila kwa wingi wa nafasi, fotoni moja inaweza kubeba zaidi ya biti moja, yaani zaidi ya tarakimu moja ya 0 au 1.

Tatizo ni umbali. Nyuzi nzuri za mkongo hupoteza takriban desibeli 0.2 (kipimo cha kufifia kwa mwanga) kwa kilometa. Kilometa 100 zikipita, inabaki fotoni 1 kati ya 100. Kwa kilometa kama 400 za reli ya Kigoma hadi Tabora, ni 1 kati ya milioni 100. Vipaza mawimbi vya kawaida havifai hapa, maana kazi yao ni kunakili. Vingehitajika vituo vya kati, labda Uvinza na Kaliua, na kila kituo cha namna hiyo huusoma ufunguo, kwa hiyo walinzi wake lazima waaminike sawa na mtumaji.